Nyumba Isiyopeana Mkono

Boay amezikwa Jumanne iliyopita kule Endasak, na mimi nilikuwepo. Habari za kifo chake zilinikuta napukuchua mahindi barazani kwangu hapa Endagikot. Niliisikiliza simu, nikasema nimesikia, nikaendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi. Kifua kilikuwa kimemsumbua miaka mingi, vumbi la machimbo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Msiba hauna mwaliko, lakini ipo misiba ambayo mtu hujiuliza njia nzima kama anastahili kukanyaga ua wa wafiwa. Nilipanda basi la alfajiri, nikabadilisha Babati, nikashuka Endasak, na swali lile nikashuka nalo. Nina miaka arobaini na mitano. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na ishirini na miwili, na kila nilipojaribu kuueleza huko nyuma nilianza kwa kujitetea. Leo naanza kwa kukiri. Mimi ndiye niliyemwandika Boay. Sikumsingizia kitu. Niliandika mambo manne, yote ya kweli, na kwa hayo manne akakaa ndani miezi kumi na mmoja bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Nilikuwa nimepata kibarua cha uandishi katika ofisi ya mtendaji wa kata, kata moja ya kule juu, mwendo mrefu kutoka Masieda, ambayo sitaitaja kwa sababu watoto wa waliohusika bado wanaishi pale na hawana kosa. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Katikati palikuwa na ubao mwembamba tu, kwa hiyo kila alichoambiwa Mtendaji nilikisikia mimi pia, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa najua siri za kata nzima kuliko mke wa mtu yeyote. Mtendaji alikuwa mtu wa Ziwa, mnene, mcheshi, aliyekuwa akilalamikia baridi yetu kuanzia Mei mpaka Agosti na kukataa maziwa ya mgando kana kwamba tunataka kumlisha sumu. Alikuwa mtu mzuri. Nalisema mapema, maana katika hadithi za namna hii watu hupenda kumtafuta mbaya, na mimi nimemtafuta miaka ishirini na kitu bila kumpata pale mlangoni pake. Alikuwa ameusifu mwandiko wangu mbele ya watu, akaahidi kupeleka jina langu wilayani ili niajiriwe moja kwa moja. Kwa binti aliyemaliza kidato cha nne na kurudi kuchunga ndama wa watu, ahadi ile ilikuwa kubwa mno. Nilikuwa tayari kuandika chochote alichotaka, na kwa mstari ulionyooka.

Siku ile barua ilipofika aliisoma kwa sauti, mara mbili. Sheria ya ugaidi ilikuwa mpya, na miaka michache tu ilikuwa imepita tangu mlipuko ule wa ubalozini Dar es Salaam ambao sisi tuliusikia kwenye redio huku tukichambua maharage. Barua ilisema kila kata iorodheshe wageni, waliorudi kutoka mbali, na watu wenye mienendo isiyoeleweka. Mtendaji akaniuliza mtu wa mienendo isiyoeleweka ni yupi. Nikamwonyesha aya ya chini iliyofafanua: anayejitenga, asiyehudhuria mikutano, asiyepokea watu nyumbani kwake. Akacheka, akasema kwao mtu wa namna hiyo anaitwa mwenye madeni. Kisha akaacha kucheka, akasema agizo ni agizo, na kwamba yeye binafsi anaona ni afadhali serikali iulize sasa kuliko kuja kuokota watu baadaye. Akanichorea safu kwenye daftari jipya: jina, kijiji, alikotoka, maelezo. Safu ya maelezo ilikuwa pana kuliko zote, na aliniomba nisiache hata moja wazi.

Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Marta, dada wa baba, mjane, mtu wa kanisa kuanzia utosini mpaka unyayoni. Jikoni kwake ndiko nilikojua mambo yote yasiyosemwa ofisini. Jioni moja tunakula makande, akaniambia kesho nikienda na daftari langu nisipite njia ya chini, ile ya kwa Boay. Nikamuuliza kwa nini. Akatazama mlangoni kwanza, ingawa tulikuwa wawili tu na mbuzi. Mtoto wao amefariki, akasema, wa kwanza, bado ananyonya. Nyumba ina metimani. Alilitamka neno lile kwa sauti ya chini, namna wengine wanavyotamka jina la ugonjwa. Kwa asiyejua: kwetu Wairaqw, kifo cha namna ile huacha uchafu usioonekana juu ya wazazi, nao hujitenga ili usiwashike wengine. Hawaingii nyumba ya mtu. Hawapeani mkono. Maji huteka kwao peke yao, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa jirani, na wakikutana na mtu njiani hushuka upande wa chini na kusubiri apite. Si adhabu, na si chuki. Ni heshima yao kwetu, wanatukinga. Muda ukitimia wazee huwasafisha, wanarudi kuwa watu kama wengine. Mila zinatofautiana kidogo toka ukoo mmoja hadi mwingine, lakini hiyo ndiyo picha yake.

Shida ni kwamba kanisani walikuwa wametangaza kuwa mambo hayo ni giza, na atakayeyashika atatengwa. Basi watu wakaendelea kuyashika kimyakimya. Shangazi Marta, aliyekuwa akiongoza sala za kina mama kila Jumatano, ndiye aliyekuwa akipeleka chungu cha makande kwenye jiwe la mpaka wa shamba la Boay, akakiacha pale na kuondoka ili Nade, mke wa Boay, aje akichukue. Asubuhi akaniambia, kwa ukali hasa, nisithubutu kuandika habari hizo kwenye daftari la serikali. Watasema sisi bado wapagani. Nikamwambia sina akili mbovu kiasi hicho. Kweli kabisa, nilimjibu hivyo.

Boay nilikuwa namfahamu kwa mbali. Alikuwa amekaa machimboni Mererani miaka minne, akarudi bila utajiri, ila na mke mwenye mimba. Nilipofika kwenye jiwe la mpaka miguu yangu ilisimama yenyewe. Sikuambiwa nisimame. Yeye alikuwa karibu na zizi, akaniona, akasimama pia, tukaongea kwa kupaza sauti kuvuka shamba la mahindi machanga. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamuuliza ametoka wapi na amerudi lini, akanijibu. Nikamuuliza mbona haonekani mikutanoni. Akanitazama tu. Alijua najua, nami nilijua anajua najua, na swali lilikuwa la daftari, si langu. Nade alikuwa amekaa mlangoni, kichwa chini, hakukiinua. Niliweka daftari juu ya jiwe nikaandika: amerudi kutoka machimboni, hahudhurii mikutano, hapokei watu nyumbani, hapeani mkono. Nikaitazama safu ile. Palikuwa na nafasi ya sentensi moja zaidi, tena nafasi ya kutosha, na mwandiko wangu ni mdogo. Nikafunga daftari.

Wiki tatu baadaye likaja gari la polisi. Nilipandishwa nyuma pamoja na mgambo wawili ili kuwaonyesha njia, na mwenyekiti wa kitongoji, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akapandishwa mbele. Boay alikuwa anarudi kutoka kisimani kwake, ndoo mkononi, kwenye njia ileile ya chini. Alipoona gari na watu wakishuka, alifanya alichopaswa kufanya. Akaiacha njia, akashuka haraka upande wa bonde ili tupite. Walidhani anakimbia. Wakamfukuza, wakamwangusha kwenye mtaro, na afande mkubwa wao, mwenye sweta ya kijani, akamshika kiganja na kumwinua. Pale majirani walikuwa wameshakusanyika. Alipomshika tu, sisi wote tukarudi nyuma hatua moja, wanaume, wanawake, mwenyekiti, mimi. Nakumbuka sauti ya miguu yetu kwenye majani. Afande akatuangalia, akamwambia mwenzake, "Unaona wanavyomwogopa?" Na hakuna hata mmoja aliyemsahihisha. Tulikuwa tunaiogopa mikono ya afande mwenyewe, kwa kuwa sasa nayo ilikuwa imechafuka.

Waliipekua nyumba mbele ya Nade. Hakukuwa na kitu: vyungu, jembe, nguo ndogo za mtoto zimefungwa kwenye kitambaa. Lakini zizini ndama alikuwa amefungwa kwa kamba nyeusi ya ajabu, na afande mmoja akainama, akaivuta kwa vidole, akanusa. Ulikuwa utambi wa baruti, ule wanaotumia machimboni kulipulia miamba. Boay alisema wachimbaji wote hurudi nao nyumbani, ni mgumu, hauozi kwa mvua. Mimi niliambiwa niorodheshe vilivyopatikana. Nikaandika kamba ya ndama. Afande mwenye sweta akasoma juu ya bega langu, akasema kwa upole kabisa kuwa si hivyo, niandike utambi wa kulipulia. Nikakata, nikaandika. Ndama akaachwa bila kamba, akawa anazunguka ua mzima akiwatazama watu, na ndoo ya maji ilibaki imelala mtaroni.

Sasa nafika pale ambapo huwa nashindwa kufika. Walimpeleka ofisini kwanza, wakamkalisha nje chini ya ulinzi, na sisi tukaitwa ndani: Mtendaji, mwenyekiti, mgambo wawili, na mimi na kalamu yangu. Afande hakuwa na haraka. Aliomba chai, akalisoma daftari langu mstari kwa mstari, akasema limeandikwa vizuri. Kisha akaniangalia.

"Binti, wewe ni wa hapa hapa. Hawa watu kwa nini hawapeani mkono na wenzao?"

Ningeweza kujibu kwa sentensi moja. Mtoto wao amekufa, na mila inawazuia. Ilikuwa mdomoni. Lakini mwenyekiti alikuwa amekaa kando yangu, yeye aliyekuwa akisoma majina ya waliotengwa kila mwisho wa mwezi, na mbele yangu alikuwa Mtendaji, mtu wa kutoka mbali, aliyekuwa ameniambia mimi ni msichana wa kisasa. Niliona aibu. Sikuogopa, na hilo linaniuma zaidi, maana mwoga huonewa huruma. Niliona aibu tu, kama mtu aliyeulizwa mbele za wageni kwa nini nguo yake ya ndani imechanika.

"Sijui, afande," nikasema.

Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe, mzee?"

"Hata sisi wanatushangaza," mwenyekiti akajibu.

Mgambo wawili wakatazama sakafu. Wairaqw wanne ndani ya chumba kimoja, na wote wanne hatujui. Nje, kupitia dirisha, nilimwona Boay amekaa kwenye udongo, amejitenga na ukuta wa ofisi na kujisogeza mbali kiasi pingu zilivyomruhusu, ili mgongo wake usiguse nyumba ya watu. Walipomuuliza anasali wapi, nilisikia baadaye, alijibu kuwa kwa wakati huu hasali popote. Ilikuwa kweli, kanisani asingeingia na uchafu ule. Hilo nalo liliandikwa, ingawa si na mimi.

Baada ya sisi kutoka, Mtendaji na afande walibaki, na ubao ukafanya kazi yake. Mtendaji alisema huyu haonekani kuwa mtu wa mabomu, anaonekana mtu mwenye huzuni. Afande hakukasirika. Alisema siku ya mlipuko ule alikuwa zamu, na kazi aliyopewa ilikuwa kukusanya viatu. Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. "Mtendaji, nikimshika asiye na kosa, iko siku ataachiwa na mimi nitamwomba radhi. Nikimwacha mwenye kosa, nitamwomba nani radhi?" Mtendaji akauliza huyu ataachiwa lini. Uchunguzi ukikamilika. Utakamilika lini? Kijiko kikaendelea kuzunguka. Kinga ni bora kuliko tiba, afande akasema mwishowe, na nilimsikia akisimama.

Nimelitafuna jibu lile la viatu kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijalimeza wala kulitema. Nisiseme uongo: Krismasi nikiona askari wamesimama nje ya kanisa letu, moyo wangu unatulia. Sitaki serikali inayolala. Lakini yule afande hakuja kumwomba Boay radhi, hakuna aliyekuja, na nadhani hata yeye alijua wakati anasema kuwa radhi ile haitatolewa. Hofu ya nchi nzima ilihitaji mtu wa kuibeba, ikamkuta ambaye tayari alikuwa amesimama kando ya njia. Sheria ilisema mshukiwa anaweza kushikiliwa. Haikutukataza sisi kufungua midomo. Hilo tulijifanyia wenyewe, bure, bila kuamriwa.

Nade alianza kuja ofisini Alhamisi ya kwanza. Hakuingia. Hakuweza hata kuukaribia uzio, alisimama upande wa chini wa njia, kwenye majani, shuka limefunika mikono. Watu wenye shida zao walipita, wakaingia, wakahudumiwa, wakatoka, na yeye yuko pale tu. Kuuliza mumewe yuko wapi kunahitaji kuingia ofisi, na ofisi ni nyumba ya watu. Mtendaji aliniuliza yule mama anataka nini na kwa nini haji ndani. Nikasema labda anaona haya. Nikatoka mimi kwenda kumwambia kuwa hakuna habari. Alhamisi iliyofuata hakuna habari. Mara walisema yuko mjini, mara amehamishwa kituo kingine, mara hawajui tunamzungumzia nani. Mvua za masika zikaja, akalima peke yake kwa mkono, maana hakuna ambaye angemwazima ng'ombe wa kukokota jembe wala kuingia shambani kwake. Ndama alimfunga kwa kipande cha kitenge.

Siku moja mwezi wa tano, mvua inanyesha, nikamuuliza kutoka upande wangu wa njia kama muda wao haujatimia. Nilidhani ungekuwa umeshapita. Akasema umepita zamani. Amekwenda mpaka mpakani kwa mzee anayesafisha, akamwita kwa mbali, na mzee akamwambia kuwa nyumba haisafishwi nusu. Mume na mke husimama pamoja. Mpaka Boay arudi.

"Kwa hiyo na mimi nimefungwa, Eliza," akasema. Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayetaja siku ya juma. "Yeye anakula chakula cha serikali. Mimi nakula cha jiwe."

Nilirudi ofisini nimelowa, nikasimama mlangoni kwa Mtendaji, nikamweleza yote. Jiwe, maji, mkono, njia ya chini, mzee anayesafisha. Ilichukua dakika tano. Miezi mitano nilikuwa nimekalia jambo la dakika tano. Mtendaji alinisikiliza mpaka mwisho, na ucheshi wote ukamtoka usoni.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliona aibu, mzee."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliwasha pikipiki siku ya pili asubuhi, na ile baridi yetu aliyokuwa akiichukia, akaenda wilayani, akarudi jioni na tope mpaka kifuani. Walimwambia jalada limeshakwenda mbele, na kwamba habari za mila haziingii kwenye jalada kwa maneno ya mtu wa mbali. Zinahitaji wenyeji waweke sahihi kuwa mila hiyo ipo na kuwa nyumba ile ilikuwa imeishika. Basi akawaita wazee. Walikuja kumi na moja, wakanywa chai yake, wakaongea habari za mvua. Mwenyekiti akasema mila hizo zilikuwepo zamani, za mababu, sasa watu wameelimika. Wengine wakaitikia. Kila mmoja wao alikuwa akizunguka shamba la Boay kila siku ili asikanyage njia yake, na kila mmoja aliirudisha kalamu mezani bila kuifungua.

Niliweka sahihi peke yangu, na sahihi ya binti wa miaka ishirini na miwili haikuwa na uzito. Jioni nilimsimulia Shangazi Marta nikitarajia kugombezwa. Aliendelea kukoroga ugali, akaupakua, tukala. Asubuhi nikamkuta amevaa nguo za kanisani ingawa ilikuwa Ijumaa. Tukaenda ofisini pamoja. Hakujua kuandika, akapaka kidole gumba masizi ya chungu aliyokuwa ameyafunga kwenye jani, kwani hakuamini kuwa wino wa serikali ungeshika, akakiweka kwenye karatasi, akasema mbele ya Mtendaji kuwa chungu cha makande ni chake, na jiwe analijua. Mwisho wa mwezi mwenyekiti alilisoma jina lake kanisani pamoja na ya wengine. Alikaa benchi la nyuma mwaka mzima, mikono magotini, na mimi nilikaa naye. Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo alivyoniambia siku moja tukitoka, na akaniomba nisiongee na mtu mpaka tufike nyumbani.

Sijui kama karatasi ile ilisaidia. Boay aliachiwa miezi sita baadaye, bila barua, bila maelezo. Walimshusha mjini Mbulu asubuhi, akatembea mpaka nyumbani siku nzima, na waliomwona wanasema alipita mabondeni njia yote, kila akikutana na mtu anashuka chini, anasubiri. Miezi kumi na mmoja mikononi mwa watu wasiojua, waliomshika na kumgusa watakavyo, na bado alikuwa anatukinga. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki tena. Hakusema kwa nini, nami sikuwa na haki ya kuuliza. Wazee walewale kumi na moja walikwenda kumsafisha, usiku haujaingia, kondoo akachinjwa, wakanyolewa nywele yeye na Nade, wakanyunyiziwa maji, na mwenyekiti alikuwepo. Watu wakapanga mstari kuwapa mkono. Mimi nilibaki ofisini siku ile. Nilijiambia nina kazi.

Hawakukaa. Jina lake lilikuwa halijafutwa kwenye orodha, hakuna aliyejua linafutwaje, na kila kulipotokea kelele mahali, hata kama ni mbali kiasi gani, aliitwa kwenda kueleza alikuwa wapi. Mtendaji aliandika barua tatu kabla hajahamishwa. Kiangazi Boay na mkewe wakafunga mizigo, wakaswaga yule ndama, ambaye sasa alikuwa mtamba, wakavuka kwenda Endasak, miteremko ya Hanang, ambako hakuna aliyewajua. Ajira yangu ilikubaliwa mwaka uleule. Nilifanya kazi ile miaka kumi na minane, na sikuacha hata safu moja ya maelezo bila sababu yake.

Jumanne, basi. Walimzika juu ya shamba, nyuma ya nyumba, watu wengi, vijana wake watatu wameshika majembe. Nilisimama nyuma kabisa. Watu walipoanza kushuka kwenda kula, njia ikiwa nyembamba kati ya mahindi na maharage, nilimwona Nade anapanda peke yake kurudi kaburini, ana nywele nyeupe ambazo sikuzitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno tangu Babati. Alipokaribia nikanyoosha mkono.

"Pole sana, dada Nade. Ni Eliza."

"Nakujua," akasema. Aliutazama mkono wangu. Mikono yake ilikuwa ndani ya shuka, na hakuitoa. Hakuwa na hasira usoni, nilitafuta hasira nikaikosa.

"Sisi walitusafisha, Eliza," akasema. "Wewe alikusafisha nani?"

Nyuma yangu watu walikuwa wamesimama wakisubiri, wengine vijana wasiojua lolote. Nikaurudisha mkono. Nikaiacha njia, nikashuka upande wa chini kwenye maharage, nikasimama pale mpaka alipopita.